Unga Uliokataa Kuzimika

Rafiki yangu alizikwa Tongaren mwezi wa nne, mvua za kwanza zikiwa zimelainisha udongo kiasi kwamba waliochimba kaburi hawakutokwa na jasho. Baada ya maziko nilibaki siku chache kwa ajili ya ile siku ya kunyoa nywele, ambapo kwa Wabukusu watu wa nyumbani hunyolewa na wote waliomjua marehemu hukaa chini kusema alikuwa nani na ameacha nini. Mimi si Mbukusu. Babu yangu alihamia Trans-Nzoia kutoka upande wa Mlima Kenya, na kwetu mtu akishafukiwa hatumtajitaji. Lakini nilisoma naye, tulifanya kazi meza moja, na nilipoambiwa nisimame niseme neno kwa niaba ya chuo, nilisimama.

Sikuwa nimepanga la kusema. Nilimwona mama yake ameketi kwenye mkeka, kichwa kimenyolewa, kinang'aa kwa mafuta, na macho yake yamenitulia usoni. Nikasema, "Mama, kazi ya mwanao haijafa. Ukija pale maabara utaikuta bado inawaka."

Watu waliguna kwa kukubali. Mzee mmoja akapiga makofi. Mama aliendelea kunitazama.

Na nililosema lilikuwa kweli. Sisi wawili tulikuwa wanafunzi wa uzamili wa kemia katika tawi la chuo huko Bungoma. Tulitengeneza chembe ndogo mno, ndogo kiasi kwamba maelfu yake yakisimama foleni hayafikii unene wa unywele. Ukizimulika kwa tochi ya miale ya zambarau, ile ambayo wenye maduka hukagulia noti bandia, zinakujibu kwa mwanga wa kijani, kijani kikali cha mahindi machanga. Duniani kuna watu wanaozitaka kwa ajili ya taa na vioo vya televisheni. Shida yake ni kwamba hazidumu. Maji yanaziua, joto linaziua, hewa inaziua, na hata mwanga wenyewe unaoziamsha unazichosha. Unazitengeneza leo zinakutoa machozi kwa uzuri, na baada ya muda mfupi unabaki na tope la manjano lisilojibu tochi.

Dawa tuliyokuwa tukijaribu ni kuzijengea nyumba. Kuna kiunzi kinachoundwa kwa zinki na kemikali nyingine za kuiunganisha, kimejaa vitundu visivyoonekana kwa macho. Mimi ni mtoto wa mkulima, kwa hiyo nilikielewa kwa njia yangu: ni kama lile ghala la fito la kukaushia mahindi, ambalo upepo unapita lakini mvua haiingii. Chembe zinakaa ndani, mwanga unaingia na kutoka, maji yanabaki nje. Tulikuwa tukilinganisha chembe zilizo ndani ya kiunzi na zile zilizoachwa wazi, tuone zipi zinadumu na kwa muda gani. Tulizoea kusema hii imekufa, ile bado hai. Kabla ya mwezi wa nne maneno hayo hayakuwahi kunisumbua.

Yeye ndiye aliyekuwa na mikono ya kazi ile. Alikuwa mrefu, asiye na haraka, anayeimba nyimbo za kanisani kwa pua akiosha vioo kwenye sinki. Mimi aliniita Kitale, kana kwamba mji mzima ulikuwa umenituma mimi niuwakilishe.

"Wee Kitale, koroga porepore bana," angesema. "Hii si uji."

Ijumaa moja alishika paji la uso akasema, "Kichwa kinanipiga leo. Wacha niende nyumbani nikunywe dawa. Jumatatu tuonane." Ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Jumatatu alikuwa hospitalini hajijui, na kabla ya wiki kwisha alikuwa ameondoka.

Kwa hiyo niliporudi Bungoma, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupima chupa zake. Majaribio ya kudumu hayasimami kwa sababu aliyeyaanzisha amekufa. Zilikuwa kwenye kabati, kila moja na kikaratasi chenye mwandiko wake ulioinama. Nilizibeba hadi kwenye stoo tuliyoizibia dirisha kwa polithini nyeusi, nikafunga mlango, na mchana kweupe nikawa gizani na vitu vya mtu aliyekufa. Niliimulika moja baada ya nyingine.

Zilizokuwa wazi zilianza kuondoka kwanza. Zilififia pembeni, zikapauka, halafu Jumatatu moja namulika na hakuna kitu, tochi inaonyesha vidole vyangu tu. Kisha zikafuata zile za ndani ya kiunzi, ambazo zilipaswa kustahimili. Zilichukua muda mrefu zaidi, lakini nazo zilikwenda. Kila iliyozimika niliandika kwenye kompyuta, nikaibandua kikaratasi, na sikuweza kukitupa. Niliviweka kwenye mfuko wa koti langu la maabara hadi mfuko ukavimba. Koti lake yeye lilikuwa bado kwenye msumari wake. Mfagiaji alikuwa akilizunguka.

Nilianza kusikia sinki. Nikiwa stooni, mlango umefungwa, nilisikia huko nje kioo kikigongana na kioo, na maji, na ile sauti ya puani isiyo na maneno. Nikitoka, sinki ni kavu. Sikumwambia mtu. Nilijiambia ni bomba, kwa sababu mabomba ya Bungoma hulia hewa maji yanapokatika. Mara nyingine ilikuwa kweli ni bomba.

Chupa moja haikuzimika.

Ndani yake kulikuwa na unga mdogo tu, kiasi cha kufunika ukucha, wa manjano ukiutazama mchana, na kijani ukiumulika. Wiki baada ya wiki mashine ya kupima mwanga ilitoa namba ileile, na mstari kwenye kompyuta ukawa umenyooka kama ukingo wa meza. Nilidhani mashine imeharibika. Msimamizi wetu, mtu wa makamo asiyependa maneno mengi, alikuja mwenyewe akaipima, akaipima tena, kisha akaketi kwenye kiti cha rafiki yangu bila kukumbuka ni cha nani.

"Hii aliifanyaje?" akauliza.

"Kama tunavyozifanya zote, Daktari. Hakuwa na siri. Nimesimama karibu naye mara nyingi akitengeneza."

"Basi tengeneza nyingine."

Nilijaribu. Nilijaribu mwezi wa tano na wa sita, mvua zikinyesha kila alasiri juu ya mabati ya maabara. Nilifuata hatua zake zote, kemikali zilezile, hata mkono wangu niliupunguza mwendo kama alivyonifundisha. Zangu ziliwaka vizuri siku za kwanza, halafu zikafa kama zile nyingine. Ile yake ilikaa kabatini peke yake, na nikaanza kuchelewa kwenda kuipima, kwa sababu nilijua nitakachokikuta.

Mama yake alikuja mwezi wa saba, baada ya ibada ya katikati ya wiki. Alikuwa mwalimu mkuu msaidizi kabla ya kustaafu na alitembea kama mtu anayekagua madarasa. Nywele zilikuwa zimeanza kuota chini ya kitambaa.

"Nimekuja kuona hiyo taa," akasema.

Nilimpeleka stooni. Nilimweleza kwamba tutafunga mlango na kutakuwa giza, akanijibu kwamba giza analijua. Nikaweka chupa mezani nikawasha tochi. Kijani kikajaa, kikamfikia kidevuni, kwenye miwani yake nikaviona vitone viwili vya kijani. Alitazama muda mrefu sana. Nilimsikia akipumua kwa mdomo.

"Itazimika lini?"

"Hatujui, mama. Ndiyo maana tunaipima."

"Wenzake je?"

"Zimezimika zote."

"Na hii imekataa."

"Imekataa."

Akaisogeza chupa kidogo kwa kidole. Kisha akasema kwa sauti ya chini, ya kawaida kabisa, "Mwanangu, mimi nimeokoka. Sikuja hapa na mambo ya mizimu. Lakini huyu kijana hatulii. Anakuja kwa ndoto, anasimama kwa mlango, hakai. Namwambia ingia ukae, ananiambia, mama, kuna kitu nimewacha kinawaka. Kila siku ni hivyo. Nimeombewa na mchungaji, bado. Halafu nikakumbuka ile siku ya nywele, wewe ulisimama ukasema kazi yake inawaka." Akavua miwani. "Izimeni."

Nilizima tochi, kwa sababu sikujua la kufanya kwa mikono yangu. Tukawa gizani sote wawili.

"Si hiyo tochi," akasema. "Nasema hiyo ya mtoto wangu."

Msimamizi alimpokea kwa heshima, akamwagizia chai, akamweleza kwamba ule unga ndio kitu cha thamani kuliko vyote mwanawe alivyotengeneza, na kwamba bila hicho hatuna ushahidi kwamba jambo hili linawezekana. Mama alimsikiliza hadi mwisho. "Nimeelewa, Daktari," akasema. "Mimi pia nilikuwa mwalimu." Akanywa chai yake, akaaga, akaondoka. Hakuomba tena.

Lakini alikuwa na namba yangu ya simu, na Jumapili alasiri, watu wakishatoka kanisani, alinipigia.

"Bado?" aliuliza.

"Bado inawaka, mama."

"Haya." Na alikata.

Ikawa hivyo kila Jumapili. Kama nilikuwa nyumbani Kitale nilitoka nje kuipokea, nikasimama kando ya mahindi ya baba yaliyokuwa yamenipita urefu, nikamwambia mwanamke wa Tongaren kwamba mwanawe bado anawaka. Baba aliniuliza huyo ni nani anayekupigia na mnaongea maneno mawili. Nilimwambia ni mambo ya shule.

Sikuwa nikiziamini zile ndoto za mama. Nataka liwe wazi hilo. Lakini nilianza kuiogopa ile chupa. Niliogopa unyoofu wa ule mstari. Kitu kinachokufa taratibu unakizoea, unajua utakiaga lini. Hiki kilinitazama tu kila Jumatatu bila kupungua, na nikitoka stooni nilikuwa nasikia sinki. Mwezi wa tisa nilikuwa nimeacha kulala vizuri. Nilikwenda ofisini kwa msimamizi.

"Daktari, hatujui ndani ya ule unga kuna nini kwa kipimo gani. Risasi ya chembe kiasi gani, zinki ya kiunzi kiasi gani. Tukitaka kujua ni lazima tuuyeyushe kwa asidi tupeleke Nairobi ukapimwe."

"Najua. Ndiyo maana sijafanya. Ukishayeyusha hakuna kurudi."

"Tumeupima vya kutosha. Mstari haubadiliki. Hautatuambia kitu kingine ukikaa pale."

Alinitazama. "Ni yule mama?"

"Ni mimi pia," nikasema.

Aligeuza kalamu vidoleni, akaichungulia dirishani mvua iliyokuwa ikijikusanya upande wa Mlima Elgon. Nilidhani angenikatalia. "Mwite aje," akasema hatimaye. "Si vizuri tufanye bila yeye."

Mama alikuja na gauni lake la kitenge la kanisani. Nilimvalisha miwani ya kukinga macho juu ya yake, na glavu, na koti. Makoti yalikuwa mawili pale, langu na lile la msumarini. Alilitazama lile la msumarini. Nikalitoa nikampa. Mikono ilimpita vidole, akaikunja mara mbili, taratibu, kama anayekunja ya mtoto.

Tuliingia stooni watatu, msimamizi akasimama nyuma mlangoni. Nilimwaga unga kwenye kioo kidogo, nikawasha tochi. Nilikuwa nimejiandaa kudondosha asidi mwenyewe, lakini aliunyoosha mkono, nami nikampa kile kibomba cha kudondoshea, nikaushika mkono wake kwa chini.

Kabla ya kubonyeza alisema maneno mafupi ya Kibukusu. Nimekaa Bungoma vya kutosha kuyaelewa. Alimwambia amalize, aende akapumzike, mlango ataufunga yeye mama.

Tone la kwanza lilitoboa shimo jeusi katikati ya kijani. Lile shimo likapanuka hadi ukingoni. Tone la pili, kikabaki kipande upande mmoja, chembamba kama kucha ya mwezi, kikaning'inia hapo hata nikadhani kimekataa hata asidi. Kisha nacho kikaenda. Tochi ikawa inamulika maji matupu.

"Ni hivyo tu?" mama akauliza.

"Ni hivyo tu."

Nilifungua mlango. Msimamizi alikuwa ameupa uso ukuta. Mama alivua koti, akalikunja, akalipakata akiwa ameketi, na hakuna aliyethubutu kumwomba alirudishe. Akaenda nalo Tongaren.

Majibu ya Nairobi yalikuja baada ya wiki kadhaa, na hayakuwa na kitu. Risasi kama yetu, zinki kama yetu. Ule unga haukuwa na tofauti yoyote na zile nilizokuwa nikitengeneza zinakufa. Nilisoma ule ukurasa nikahisi nimeua kitu bure. Msimamizi hakunilaumu, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Nilirudi Kitale kwa Krismasi nikiwa nimeamua kuacha masomo, nikabaki huko hadi mwezi wa kwanza. Mahindi yalikuwa yameshavunwa. Hewa ya kwetu mwezi wa kwanza ni kavu hadi midomo inapasuka, nguo ukianika unarudi kuziondoa kabla hujamaliza kuanika, na mkono ukigusa blanketi unasikia cheche. Nilikuwa jikoni nikijipaka mafuta mdomoni nilipokumbuka. Mwaka uliotangulia, mwezi uleule wa kwanza, stima ilipotea Bungoma kwa siku nyingi, mashine zikazimika, na rafiki yangu akaja Kitale, akaomba kutumia maabara ya shule ya upili aliyowahi kufundisha kwa muda. Alirudi na chupa kadhaa, ile iliyokataa kuzimika ikiwa mojawapo, akilalamika kwamba mji wetu umemkausha kama dagaa wa omena.

Nilikaa chini kwenye kigoda na mafuta mkononi.

Huko Bungoma tulikuwa tukifunga kiunzi kukiwa na mvua. Tulijenga ukuta imara kuzuia maji, na maji tayari yalikuwa ndani, kwenye hewa, kwenye kemikali, kwenye vioo tulivyodhani vimekauka. Tulikuwa tukimfungia adui ndani pamoja na chembe, halafu tunashangaa zinafia humo. Chupa zake nyingine za Kitale nazo hazikupona. Pengine ile moja aliifunga saa ya mchana, jua likiwa limefyonza kila kitu. Siwezi kujua. Ilikuwa bahati yake, au ya hewa.

Nilikwenda kwenye ile shule wanafunzi wakiwa bado likizo, mwalimu wa kemia akanipa ufunguo. Nilikausha kila kitu kwenye oveni, nikafanya kazi saa za jua kali, madirisha yamefungwa. Nyingi nilizotengeneza siku hizo bado zinawaka ninapoandika haya. Siku hizi tuna sanduku la kioo lenye hewa iliyokaushwa huko Bungoma, na hatuhitaji kusubiri mwezi wa kwanza. Nilimaliza masomo. Sasa ninafundisha.

Tangu ile siku ya asidi, mama wa Tongaren hakunipigia tena Jumapili. Nilivumilia kisha nikampigia mimi, nikamuuliza kama amepata usingizi.

"Bado anakuja," akasema. "Lakini sasa anaingia. Anakaa kwa kiti. Hasemi kitu."

"Na wewe unamwambia nini, mama?"

"Nitamwambia nini? Tunakaa tu." Kisha akasema, "Kuja unisaidie kupanda."

Nilikwenda mvua ilipoanza. Tulipanda siku nzima, yeye akitoboa mashimo na mimi nikitia mbegu na mbolea nyuma yake, na hatukumtaja. Jioni alinipa chumba cha mwanawe, hakukuwa na kingine. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri. Nililala nikiwa nimechoka, na alfajiri niliamka nikaona mlango ambao nilikuwa nimeurudishia uko wazi, na baridi ya uani inaingia.

Jikoni nilimkuta anapuliza moto. Hakugeuka.

"Hakukusumbua?" akauliza.

Nilimwambia hapana. Akanisogezea kigoda karibu na moto, akamimina chai.